Mjomba Amesema

Kitangari, 4 Septemba 1995

Shemeji Barnaba,

Shikamoo. Sisi wazima, na mdogo wako Dominika kifua kimemwachia. Habari za Mkomaindo na za chuo?

Tangu umalize likizo yako hapa, nyumba hii ina maneno mawili tu: "Mjomba amesema." Winfrida hana wimbo mwingine ila kuja kukaa kwako asome sekondari huko Masasi. Juzi napandisha baiskeli na madumu ya maji, nimechoka, namkuta uani kashika magunzi mawili, ananiongoza kama ulivyomwonyesha wanavyoongoza ndege uwanjani. "Kushoto, baba! Simama!" Nikaenda kulia makusudi. Nikagonga ukuta, dumu moja likapasuka.

Nina swali. Jeshi uliacha, magereza uliacha, uwanja wa ndege uliacha, sasa unawafundisha walimu saikolojia. Mtu anayehama hivyo anakimbia nini? Watu bombani wanauliza kama gerezani ulikuwa unafunga au ulifungwa. Nimewajibu sijui.

Shemeji yako,
Isaka


Mkomaindo, 17 Septemba 1995

Baba Winfrida,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Dominika amepona. Mimi sijambo, ila mgongo ulioumia vitani hauipendi baridi ya mwaka huu.

Nilikuwa nafunga. Unajua vizuri, ulikula Krismasi kwangu nikiwa na sare ya askari magereza.

Wala sikukimbia. Vitani niliona vijana shupavu wakitetemeka, sikujua la kuwaambia. Gerezani niliona mfungwa asiyetembelewa anavyoacha hata kuoga. Uwanjani kuna rubani aligombana na mkewe asubuhi, mchana nusura atue bila kutoa magurudumu. Nikaona bora nirudi darasani, na mvi zangu hizi, nijue kinachowapata watu.

Kwa mila zetu neno la mjomba lingetosha kumchukua mtoto. Sikulitumia, nilikuomba. Tena nikuambie jambo. Siku ile ulipokuwa shambani nilitaka kukalia kigoda chako, Winfrida akakivuta. "Hicho cha baba." Nimevaa sare tatu, shemeji, na hakuna mtoto aliyewahi kunitunzia pa kukaa. Unadhani mwenye wivu ni wewe peke yako?

Shemeji yako,
Barnaba


Kitangari, 3 Desemba 1995

Shemeji,

Shikamoo. Kwetu salama, mvua zimeanza.

Wiki iliyopita Winfrida alipigana bombani. Msichana mmoja alimwambia, "Mjomba wako mfungwa, hata baba yako hakukana." Akarudi na shavu limechubuka, akaniuliza mbele ya mama yake, "Baba, ulisema hujui?" Nikatoka nje. Tangu hapo ananiwekea chakula na kuondoka.

Jana nilikwenda bombani nikawaambia wote kuwa ulikuwa askari. Mtani wangu Haji akacheka mpaka akashika ndoo. "Leo ndiyo umemjua shemeji yako? Amekuhonga nini?" Nikavumilia.

Januari nitamleta Winfrida mimi mwenyewe. Usije kumchukua, na usitume mtu. Nimemwambia kwamba mjomba akisema hili na mimi nikasema lile, amsikilize mjomba, kwa kuwa ndiye atakayekuwa karibu naye. Akanitazama, akaniomba nirudie, maana hakuamini.

Sikurudia. Na wewe usiniombe.

Mimi,
Baba Winfrida