Kikombe cha Deo

Troyeville, Johannesburg
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na kile kikohozi, kimeachia? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Ziada, jirani yangu fundi cherehani, anayerudi Kasulu. Mdogo wangu Anjela akusomee polepole, mkiwa wawili tu.

Siku tuliyomzika Deo uliniuliza kwenye simu, "Kwa nini mwanangu alichelewa kurudi kwake?" Nikakujibu alikuwa na kikao cha kwaya. Nilikudanganya, Mama. Hakukuwa na kikao chochote. Alikuwa hapa ninapofanya kazi, anakunywa chai.

Bibi Fong, yule mzee wa Kichina ninayemtunza, wanawe wote wako ng'ambo. Akipata mgeni anafurahi kama mtoto. Jumapili ile Deo alipita kunisalimia akitoka kanisani, awahi Diepsloot, mtaa aliokuwa akiishi, kufungua duka lake. Bibi akasema chai ataiandaa mwenyewe, mimi nisiguse kitu.

Chai yao haipikwi kama yetu. Hakuna sufuria, hakuna maziwa wala tangawizi. Kuna kibirika cha udongo kinachoenea kiganjani, na vikombe ungedhani vifuniko vya chupa. Anavisuuza vyote kwa maji ya moto, anatia majani, anamimina maji, halafu yale ya kwanza anayamwaga yote! Deo macho yakamtoka.

"Eish, Da Pela! Mbona bibi anamwaga chai?"

"Anaosha majani. Tulia."

"Na sukari je?"

"Sukari utaikuta kwa mama yako."

Tukacheka, Mama. Tulicheka sana siku hiyo.

Sasa sikiliza. Kwa hawa watu, kikombe cha mgeni kikikauka ni aibu ya mwenyeji, lazima akijaze. Ukitosheka, unakiacha kimejaa. Na wewe ulitulea vipi? Cha mwenyeji kinamalizwa, kubakiza ni dharau. Basi Deo anamaliza, Bibi anajaza. Anamaliza, anajaza. "Asante, gogo," anasema, maana hapa bibi ndivyo anavyoitwa, huku kijasho kinamtoka puani. Mimi nimesimama mlangoni pa jikoni, nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, mbavu sina.

Nilijua, Mama. Wiki yangu ya kwanza yalinikuta hayo hayo, mpaka tumbo likawa linachezacheza kama dumu. Neno moja lingetosha: Deo, kiache. Sikulisema. Nilitaka nimcheke kidogo zaidi.

Simu yake ikalia. Rafiki yake, Mburundi mmoja wanayeishi naye, alikuwa kituoni amemshikia nafasi kwenye teksi, hizi daladala za huku, imejaa, inaondoka. Deo akamwambia tangulia, siwezi kumwachia mzee chai yake. Teksi ile ilifika salama. Deo aliondoka baadaye, jua bado kali, kajishika tumbo, anaapa hatagusa chai mwaka mzima. Nikamsindikiza mpaka getini huku namtania. Teksi aliyopanda iligongwa na lori kwenye robot, hizi taa za barabarani. Alikuwa kiti cha mbele.

Wewe unasema ni mapenzi ya Mungu, na mimi sibishani na Mungu. Ila kile kicheko nalala nacho, naamka nacho. Ulikuwa ukituambia majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo nimempata kabla sijazaa.

Usimlaumu Bibi Fong, hajui lolote. Wiki nzima aliniuliza, yule kijana mwenye adabu anarudi lini? Nikamwambia amefariki. Jumapili iliyofuata akaandaa vikombe vitatu. Akajaza chake, changu, na cha tatu akakiweka pale Deo alipokaa. Tangu hapo ni hivyo kila Jumapili, na kikishapoa ni mimi ninayekwenda kukimwaga.

Nisamehe, Mama, ukiweza. Ukishindwa, nitumie hata neno hilo, nitalipokea. Kunyamaza kwako tu ndiko nisikokuweza.

Nisalimie baba mdogo, mwambie maharage yake nayaota. Msalimie shangazi anayekushikia mkono kwenda misa, na mama wa ubatizo wa Deo, yule aliyemsimamia kanisani. Kwao usiseme niliyoandika, nitayasema mwenyewe siku nikija.

Naandika kwenye meza ile ile ya chai. Bibi kasinzia kwenye kiti chake. Kikombe cha Deo kiko mbele yangu, kimejaa mpaka ukingoni. Kwao maana yake mgeni ametosheka.

Hakuwa ametosheka, Mama. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mwanao,
Pelagia