Tezi za Ukoo Wetu

Nordby, Minnesota
9 Machi

Kwa dada yangu Ardis,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na shemeji Orville hamjambo huko Arizona mnakokimbilia jua kila mwaka. Hapa theluji ingali madirishani. Mimi sijambo kidogo; kidonda cha shingoni kimefunga, na ganzi ya midomo imeondoka kwa vidonge vya kalsiamu.

Unajua mawe ya figo yalivyonitesa miaka saba. Sisi tuliolelewa zizini tuliyalaumu maziwa. Nikaacha jibini, nikanywa kahawa bila maziwa kama aliyefiwa, nawe ukanicheka kwamba mfugaji kawakimbia ng'ombe wake. Kumbe ni tezi ndogo za shingoni, zinazopima kalsiamu ya damu, zilizoharibika zikawa zinainyonya mifupa. Daktari amezitoa. Anasema mawe yatapungua na figo huenda zisizidi kudhoofika, ila kilichokufa hakifufuki. Imebaki theluthi moja ya nguvu za figo. Kuhusu mishipa ya damu iliyokwisha kukakamaa, hakuniahidi kitu.

Kabla ya kunipasua aliniuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi, maana mengine hurithiwa. Nikamjibu bila kusita kwamba hakuna.

Jumapili, kwenye kahawa ya baada ya ibada, binamu yetu Verna aliliona kovu akasema kumbe na mimi, basi nisideke, mbona Ardis siku ya tatu tu baada ya kupasuliwa shingo alikuwa anasukuma mikate ya viazi! Nikamwuliza Ardis yupi. Maskini, alidhani najua. Ndiye aliyekupeleka hospitalini miaka minane iliyopita, ulipotuaga kwamba unakwenda kununua mapazia. Daktari wako alikupa barua utugawie ndugu zako tupimwe. Ukaikunja, ukasema hutaki jina lako lisomwe kanisani kati ya wagonjwa, halafu wanawake wapangiane zamu za kukuletea chakula.

Wewe, uliyeniletea chakula kila jiwe liliponiangusha! Ulikaa kitandani kwangu ukanishika mkono, nawe unajua. Kipimo kimoja cha damu kingetosha. Umenisaliti, Ardis, na sina neno laini zaidi la kukuandikia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nami nina la kukiri. Mwanao Leif alipotoa jiwe mwezi Oktoba, uliniomba nisimtie hofu, eti kijana wa miaka ishirini na sita hanywi maji, basi. Jana nilimpigia nikamweleza yote. Akauliza, mama mdogo, siku ile uliyoniona nagaragara sakafuni, mama alikuwa anajua? Nikamwambia ndiyo. Leo asubuhi amekwenda kupimwa.

Mpe Orville salamu zangu. Mimi usinipigie kwanza. Leif akikupigia, pokea.

Mdogo wako,
Marlys