Miiba Niliyoitoa Njiani

Kui, uko? Mama Resian wa kwaya amevunjika mguu. Ni mimi.

Unajua vile serikali ilikata pesa ya njia za mlima, wale vijana wa kuzitengeneza wakafutwa kazi? Leo nikipandisha kwaya mlimani nikapata matawi ya miiba yameziba njia. Nikasema ni wafugaji wanatufungia malisho yao.

Nikayatoa. Kui, NILIYATOA NA MIKONO YANGU, nikitukana.

Mbele kidogo njia ilikuwa imebomoka. Mama Resian akatumbukia kwa korongo.

Mfugaji mmoja, Leshan, ndiye alimbeba mgongoni. Nikamuuliza nani aliweka miiba.

"Ni mimi. Wenye kutengeneza hawakuji tena."

Hakunigombeza hata. Akaenda kukata miiba zingine, akaniangalia.

"Hizi nazo utaziacha?"