Magodoro Yaliyorudi Ukunguni

Shikamoo Bibi yangu,

Huku Mabawe ukungu hukaa migombani hadi saa nne, na vilima huelea kama ndotoni. Jana mfadhili alileta gari la magodoro kwenye kituo cha yatima ambacho shangazi ni mmoja wa wadhamini wake. Kisha akataka kuondoka na watoto wawili, wakatembee mjini.

“Mtoto haondoki mpaka wadhamini wote tukae kikao,” shangazi akasema.

“Kumbe hamniamini?”

“Kaka, hata padri tungemwambia hivyo. Karibu ndizi na maharage.”

Hakula. Ukungu ukalimeza gari pamoja na magodoro. Watoto wakalala mikekani kama kawaida, na shangazi akapita akiwagusa vichwa, mmoja mmoja, wote.

Nimeikumbuka harufu ya kanga yako. Mungu akutunze.

Mjukuu wako,
Jenista