Pua Haipimi Usingizi

Baba,

Nasema wazi, na kauli hii nitaitetea mbele ya yeyote: hukufa kwa pombe, wala kwa uzembe. Ulikufa kwa sababu aliyekukabidhi ufunguo wa lori alifundishwa kutafuta kosa moja tu kwa dereva, nalo ni harufu ya pombe kinywani.

Tangu tukuzike, hapa Ihembe wanasema ulikuwa umelewa. Hushusha sauti ninapopita, kisha huniita "msomi" na kuniuliza habari za ajira. Mimi niliyebishana nawe hata juu ya namna ya kumenya ndizi, sasa sina wa kubishana naye. Jioni nawasha redio, nasikiliza taarifa ya habari, nageuka ili nikupinge. Naona kiti chako kitupu.

Msimamizi wa yadi, yule ninyi madereva mliyembatiza Bwana Pua, alikuja msibani. Alinishika mkono akasema, "Kijana wangu, naapa, nilimnusa. Alikuwa safi." Alidhani ananifariji. Nikamuuliza, je, macho yake yaliona nini? Akakumbuka yote: macho yako mekundu, ufunguo uliokuponyoka, ulivyomuuliza tena na tena mzigo unakwenda wapi, ilhali ni kahawa ile ile uliyoitoa Kyerwa kila msimu, kwenda pale pale. "Nikajua ni uchovu tu wa matanga," akasema.

Uchovu tu! Ulitoka kukesha Bweranyange kwenye msiba wa shemeji yako, nje, juu ya majani makavu ya migomba, kama iwapasavyo wanaume hadi matanga yaanuliwe. Yadi nzima ilijua. Nawe ulizoea kucheka: "Pua akishanipitisha, trafiki atasema nini?" Lori liliacha barabara mahali paliponyooka, pasipo alama ya breki.

Simchukii, Baba. Hakuna aliyemfundisha kwamba usingizi nao hulevya, wala aliyempa mamlaka ya kumzuia dereva bila kugombezwa kwa mzigo uliochelewa. Hilo ndilo ninalolidai: wasimamizi wafundishwe kusoma macho, mikono na maneno ya dereva, na anayezuiwa asihesabiwe mkosaji.

Lala, Baba. Siku ile hakuna aliyekwambia ulale.

Nakuahidi sitanyamaza. Jumapili, baada ya ibada, nitaisoma barua hii uwanjani pa kanisa, na uongozi wa yadi nimeualika. Wasinivute pembeni, wasinipe pole. Wasimame mbele ya wajane wa madereva na madereva wenyewe, wajibu kwa sauti: kesho akija mtu aliyetoka kukesha msibani, mtampandisha lori?

Mwanao