Dubwana la Njia Tatu na Pumzi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Breka ya umeme imeruka tena. Nimeirudisha, ikaruka. Hii mashine yangu ya kuchomelea, dubwana, inataka umeme wa njia tatu. Mtaa wetu hapa Ujiji una njia moja tu. Niliuza pikipiki kuinunua huku nikijua. Ujinga wangu mwenyewe. Fundi umeme kahamisha vibati vya shaba kule ndani, sasa linawaka kwa njia moja, ila linakunywa umeme wa nyumba nzima. Taa zinafifia, na mashine ya oksijeni ya mama mkwe inapiga kelele. Pii, pii, pii. Nikisikia tu, naacha. Mshono wote umejaa matundu. Fremu ya kukalia injini ya boti la Mzee Sadiki wa Mwamgongo haijafika nusu, na ziwa linafunguliwa kwa uvuvi wiki ijayo.

Jumanne, 5 Agosti

Watu wananiambia hama. Nihamie wapi? Karakana ya Bangwe yenye umeme huo haikodishi nafasi, wanataka uwe kibarua wao. Nilishakuwa kibarua. Basi.

Mkwe naye hana pa kwenda. Kijijini kwake Kasulu hakuna umeme, na mapafu yake bila ile mashine hayafiki mbali. Mke wangu, Mama Neema, anashinda sokoni akiuza samaki, migebuka yake. Mchana tunabaki mimi na mkwe, ukuta katikati. Chumbani kwake siingii, haifai. Salamu naitoa nje ya pazia, anaitikia taratibu, nakwenda zangu. Nimuulize kazi yangu inamuumiza kiasi gani? Mkwe utamuuliza hivyo kwa mdomo upi?

Jumatano, 6 Agosti

Nimevuta waya mnene toka kwenye mita. Moto nimeupunguza kidogo. Leo hakuna pii hata moja! Nimechomelea mpaka saa ya chakula. Mshono umekolea, safi. Nimeimba peke yangu kama mlevi. Kumbe shida ilikuwa waya tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kimya tena. Fremu sasa ina sura. Mzee Sadiki kapiga simu, nimemwambia Jumamosi, na safari hii sikuwa namdanganya. Mama Neema anasema mama yake hali, anasukuma sahani. Nikasema ni uchovu. Akili yangu ilikuwa kwenye chuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui niandikeje.

Jirani yetu Mama Shabani alikuja kumjulia hali mgonjwa. Mimi miwani nyeusi usoni, cheche zinaruka. Ghafla nikapigwa ngumi ya mgongo. "Wewe baba, mkweo anakufa humo ndani, wewe unachomelea!"

Nikaingia. Haifai, lakini nikaingia. Mkwe kakaa ukingoni mwa kitanda, midomo imegeuka zambarau, mkono uko kwenye swichi. Swichi imezimwa.

Anaizima mwenyewe. Akisikia naanza kuchomelea, anazima ili isilie. Nikipumzika, anawasha. Tangu Jumatano. Na mimi naimba! Eti waya mnene.

Nikawasha. Hakunitazama. Akamwambia Mama Shabani, maneno yanakatika: "Mwambie mkwe wangu afanye kazi. Sikuja hapa kumfungia riziki."

Nilikwenda kuzima dubwana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimebanwa kila upande. Nikichomelea, anazima. Nikiacha, anasema anarudi Kasulu leo leo. Nguo kashazifunga kwenye kanga. Mama Neema kalia asubuhi nzima akimzuia. Huko Kasulu atamaliza wiki?

Nina hasira na kila mtu. Na yeye pia, naandika ukweli. Kwa nini hakupiga ukuta? Kwa nini hakumtuma mtu? Halafu naona aibu. Angemtuma nani, na angeniambia nini?

Nimempigia Mzee Sadiki aje achukue chuma chake. Kanitukana. Ana haki. Kisha nimepiga Bangwe. Watamalizia fremu wao. Mimi wamenikubali kibarua kuanzia kesho kutwa, kwa sharti dubwana likae kwao.

Jumapili, 10 Agosti

Vijana wa mkokoteni wamepakia fremu, wakarudi kupakia dubwana. Nimefagia karakana. Haikuwa na uchafu mwingi.

Mama Neema alikuwa kanisani. Nikaenda kusimama nje ya pazia, mikono sijui niiweke wapi.

"Mama, kazi ya boti imekwisha. Mwenyewe kachukua. Kesho naanza kazi Bangwe, kazi kubwa. Hapa nyumbani sichomelei tena."

Nilisikia mashine yake tu.

"Ni kubwa kweli?"

"Kubwa, mama."

"Haya. Mungu akubariki, mwanangu."

Kisha nikasikia anafungua kile kifurushi cha kanga, anatoa nguo moja moja. Kitanda kikalia, akajilaza. Nilibaki nimesimama pale mpaka mke wangu aliporudi.