Injini ya Zambarau

Jumatatu, 4 Machi

Kifurushi kimefika, kimeandikwa jina la marehemu mume wangu. Mleta vifurushi akauliza kama mwenyewe yupo. Nikasema ametoka. Si uongo — ametoka, miezi minne sasa.

Ndani yake injini ya treni, ndogo, urefu wa rula ya shule. Nyeusi tii. Aliiagiza kabla hajalazwa na hakuniambia. Mjanja yule.

Shemeji alikuwa jikoni anatengeneza bomba. Ni mdogo wake marehemu, fundi bomba, mtu wa maneno mengi. Alipoiona injini aliweka spana chini. Kisha akasema afadhali reli na treni ndogo zote za kaka yake azihamishie kwake, mimi zitanijazia vumbi tu. Nikamwambia haondoki na hata skrubu moja. Akacheka. "Shemeji, wewe hata betri ya tochi unaigeuza kichwa chini."

Basi tukawekeana sharti. Jumamosi, injini mpya, mizunguko kumi mfululizo kwenye meza ya marehemu, bila kusimama, bila kuanguka. Ikifika kumi, vyote vinabaki hapa. Isipofika, anakuja na maboksi.

Nikasema sawa kabla sijafikiri. Huu mdomo wangu!

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua chumba cha nyuma. Meza yake imekijaza chote, unapita ubavuubavu kama kaa. Nimefuta reli kwa kitambaa, kipande kwa kipande, hadi kitambaa kikawa cheusi.

Nikaingiza mkono ndani ya handaki alilotengeneza kwa karatasi na gundi. Nikakuta maganda ya peremende. Kumi na saba! Daktari alimkataza sukari, na mimi nilikuwa naficha hata bakuli la sukari. Kumbe ndiyo maana handaki halikuwa likiisha kutengenezwa. Kila jioni: "Naenda handakini kidogo." Nami nilikuwa namwambia aende na chai.

Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Halafu si kucheka tena.

Maganda nimeyarudisha. Ni mali yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipaka rangi.

Miaka kumi na tisa nilimwomba treni moja tu ya zambarau. Akawa ananijibu kwa upole, kama karani wa posta, kazi aliyokuwa nayo, kwamba hakuna shirika la reli lililowahi kukubali rangi hiyo. Kila treni yake lazima ifanane na ya kweli. Yeye! Mtu ambaye treni ya kweli alipanda mara moja akatapika kwenye kofia yake.

Rangi ni ile iliyobaki tulipopaka mlango wa bafu. Nimeisugua injini kwa msasa laini, nikabandika karatasi kwenye vioo, nikapaka mara mbili kwa brashi nyembamba. Ukishona nguo za watu maisha yako yote, mkono unajua kutulia. Nimepaka kila mahali, hata kusikoonekana, ili asiseme nimelipua kazi.

Imependeza. Nisamehe, mume wangu. Au usinisamehe, tuone utafanya nini.

Alhamisi, 7 Machi

Haiendi.

Nimeiweka kwenye reli, nimezungusha kitufe, kimya. Nimezungusha tena. Nimeisukuma. Nimeisema kwa sauti. Kimya.

Nikasoma kikaratasi cha maelekezo kilichokuja na injini mara tatu, nikidhani nimeipoteza Jumamosi yote kwa upumbavu wangu. Mara ya tatu ndipo nikaona: umeme unapanda kutoka kwenye reli kupitia magurudumu. Na mimi magurudumu nimeyapaka yote, mbele nyuma. Nimeivisha soksi.

Nikaenda kwa jirani yangu msusi kuomba dawa ya kutolea rangi ya kucha. Akanitazama vidole. "Kucha za nani?" Nikasema za treni. Akanipa chupa nzima na pamba, hakuuliza zaidi. Mjane anasamehewa mengi. Ningejua mapema ningeomba na kiti kile chake chekundu.

Magurudumu kumi na mawili. Nimemaliza saa kumi alasiri. Nikagusa kitufe — ikashtuka, ikasogea upana wa kidole. Nikapiga kigelegele kidogo, cha ndani ya nyumba.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika huku inatembea. Injini mpya lazima izoeshwe kwanza: nusu saa mbele, nusu saa nyuma, polepole, bila behewa hata moja. Na haiachwi peke yake. Marehemu alikuwa na msimamo huo, hata siku ya wageni. Nilikuwa nakwenda kumwita mezani, ananyoosha kidole bila kugeuka: dakika tisa bado, mama.

Nimetia tone la mafuta ya cherehani. Mwanzo ilikuwa inakoroma na kuyumba. Imeanguka mara mbili kwenye kona ya dirishani. Kiungo cha reli kilikuwa kimeinuka, nimekibana kwa kipande cha kadi. Sasa mlio umekuwa laini.

Alikuwa analaza shavu mezani ili aione inavyomjia. Nilimcheka sana kwa hilo. Leo nimelaza langu. Inakuja kubwa, nzito, kama ya kweli kabisa.

Nusu saa ya pili nimeandika mistari hii tu.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kaja saa nne, na maboksi manne na kamba. Akaiona injini. "Shemeji! Kaka angefufuka."

"Basi nimefanya la maana," nikasema.

Akakaa, mikono kifuani kama hakimu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Kwenye kona ya dirishani nikazuia pumzi, ikapita. Ya nne akasogeza boksi lililomkinga asione. Ya sita akapiga magoti. Ya saba akalaza shavu mezani, la kushoto kama kaka yake, na akaacha kuhesabu.

Nikahesabu mimi. Nane.

Ilipoanza ya kumi nikafikiri: ikimaliza, atasimama, atasema haya umeshinda, atabeba maboksi yake matupu. Bomba limeshapona. Ataitwa na nini tena kwenye nyumba hii?

Swichi ya umeme iko sakafuni, upande wangu. Mguu ukaizima kabla akili haijauliza. Injini ikasimama mbele ya pua yake.

Nimejinyonga kwa kamba yangu mwenyewe. Akainua kichwa, akayatazama maboksi, akanitazama mimi.

"Ni waya tu huu," akasema. "Waya si kosa la dereva. Sharti lisubiri mpaka nitengeneze. Huenda isiwe leo, shemeji. Una chai?"

Chai nimempelekea. Nusu saa sasa yuko chini ya meza na tochi, anapiga mluzi, anafungua kitu ambacho hakijaharibika. Mimi naandika huku juu, kwenye pembe ya meza, nimetulia kama mtakatifu.

Sasa hivi kauliza swichi iko wapi. Iko chini ya kisigino changu. Namsikia anatambaa kuja upande huu —